Kusengenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiswahili jijini Mwanza, na kati ya maneno yote hili ndilo ninaloulizwa zaidi, darasani na nje ya darasa. Wanafunzi huuliza maana yake kwa ajili ya mtihani. Wazazi wao huuliza kwa sababu wamesengenywa, au wameambiwa kuwa wao ndio wasengenyaji na hawakubali. Nimejibu hapa maswali yanayojirudia. Mengi yametoka Kirumba, Igogo na Buhongwa, mengine ng'ambo ya maji huko Sengerema na Ukerewe, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki ufukweni.

Kusengenya ni nini hasa?

Ni kumsema mtu vibaya akiwa hayupo. Lazima mambo mawili yakutane: maneno yawe ya kumshusha, na mwenyewe asiwepo kuyajibu. Ukimtolea jirani yako maneno makali uso kwa uso, umemtukana, hujamsengenya. Ukimsifu akiwa safarini, hujamsengenya pia.

Kamusi za karne ya 19 za Kiswahili cha Unguja zinatoa maana nyingine ambayo wengi leo hawaijui: kumdharau mtu kwa ishara za siri akiwa yupo hapo hapo. Yaani kukonyezana, kubinua midomo, kugusana viwiko mtu anapopita. Maana hiyo imefifia kwenye vitabu, lakini tendo lenyewe liko hai. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, akina mama wakiwa wameinamia nyungo wanachambua dagaa. Anapita mwenzao mwenye kitenge kipya. Mikono haisimami na hakuna anayepaza sauti, ila macho yanakutana juu ya nyungo na mmoja anabinua mdomo wa chini. Mwenye kitenge akigeuka, wote wanatazama dagaa. Hakuna aliyesema neno, na mama wa watu amekwisha kusengenywa.

Kama ninachosema ni kweli, bado ni kusengenya?

Ndiyo, bado. Hili ndilo swali linaloleta ubishi mkubwa kuliko yote. Mtu akionywa hujitetea haraka: "Mimi simsingizii, waulize majirani!" Sawa, humsingizii. Kusingizia ni kumbebesha mtu jambo ambalo hakulifanya. Kusengenya hakuhitaji uongo hata kidogo. Unaweza kumsengenya mtu kwa ukweli mtupu kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Maelezo yaliyo wazi kuliko yote niliyowahi kukutana nayo yamo katika hadithi iliyopokewa na Muslim. Mtume aliieleza ghiba kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa, je, ikiwa jambo hilo analo kweli? Akajibu kwamba akiwa nalo, hiyo ndiyo ghiba, na asipokuwa nalo, umemzulia. Ghiba ni jina jingine la kusengenya, na mzizi wake wa Kiarabu unahusu kutokuwepo. Kwa hiyo hata katika jina hilo, kinachoangaliwa kwanza ni kwamba mwenyewe hayupo.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: angeingia mlangoni sasa hivi, ungeimalizia sentensi yako jinsi ulivyoianza? Watu wanakijua kipimo hicho hata bila kufundishwa. Angalia kinachotokea anayesemwa anapochungulia: sauti zinashuka, mmoja anakohoa, na mwingine anawahi kusema, "Karibu mwaya, una maisha marefu, tulikuwa tunakutaja sasa hivi!"

Kuna tofauti gani kati ya kusengenya, kuteta, umbea, majungu, fitina na mengineyo?

Kumteta mtu, kwa Kiswahili cha Tanzania, ni karibu sawa na kumsengenya. Umbea ni mpana zaidi. Mmbea anabeba habari za watu, njema na mbaya, na raha yake ni kuwa wa kwanza kuzifikisha. Atakimbia na habari ya posa kwa bidii ileile atakayokimbilia nayo habari ya talaka. Majungu hupikwa, na mpishi wake ana shabaha: anataka mtu atoke kwenye kiti chake, iwe ofisini, kwenye chama au kwenye uongozi wa mwalo. Fitina inahitaji watu wawili wanaopatana na wa tatu anayetaka wakosane. Kuchongea ni kupeleka maneno kwa mwenye mamlaka. Unamchongea mwenzako kwa bosi au kwa mama mkwe. Kumsagia mtu kunguni ni jirani wa kuchongea: unamharibia kwa yule anayempenda au anayemlisha. Kukashifu ni kumvunjia mtu heshima hadharani, awepo asiwepo. Tetesi ni habari isiyo na mwenyewe, inayotangazwa na redio mbao.

Jambo ambalo kamusi haiwezi kukuonyesha ni jinsi mambo haya yanavyopokezana. Kibarazani mtu anasema, "Siku hizi mpangaji wetu anarudi usiku sana." Hapo ni masengenyo. Mmbea anayavusha barabara. Huko yanatiwa chumvi: anarudi na gari la mtu. Kesho yake gari limepata mwenyewe mwenye jina, na huo sasa ni uzushi. Mwishoni kuna anayeutumia uzushi huo kumgombanisha binti wa watu na mchumba wake, na hiyo ni fitina. Ukiwauliza wote walioshiriki, kila mmoja atakwambia alisema neno moja tu.

Mbona magazeti huandika "Waziri ateta na wavuvi"? Anawasengenya?

La. Kuteta *na* mtu ni kuzungumza naye, hasa faragha. *Kumteta* mtu ndiko kumsema. Tazama kama kitenzi kinafuatwa na neno "na" au kina kiambishi cha mtendwa ndani yake, hutapotea.

Kwa wanaofanya biashara na wenzetu wa Kisumu au wanaovuka mpaka wa Sirari kuna jambo la kuongeza. Kwa wengi upande wa Kenya, kuteta ni kulalamika au kugombana. Mteja wa huko akikwambia "usitete", anakuomba uache kunung'unika juu ya bei. Hajakuita msengenyaji, na hakuna sababu ya kukasirika.

"Ubuyu" nao ni kusengenya?

Ubuyu ni jina la mtaani la habari za watu, na za watu maarufu hasa. "Nina ubuyu" maana yake nina habari tamu. Mara nyingi ndani yake kuna masengenyo, lakini siyo lazima.

Kwa nini masengenyo yanaumiza sana mialoni na sokoni?

Kwa sababu biashara ya kule inasimama juu ya kauli. Mama anayeanza kuuza dagaa au kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, hana fedha taslimu za kununua magunia. Anachukua mali kauli. Tajiri wa mtumbwi au mwenye stoo anamkabidhi mzigo kwa ahadi ya mdomo tu, kwamba akishauza atarudisha fedha na kubaki na faida yake. Hapo hakuna mkataba wala hati ya nyumba iliyowekwa rehani. Dhamana ni jina lake.

Sasa asubuhi moja mwenzake anaegemea mlango wa stoo, anaagiza mzigo wake, na akiwa anahesabu noti anasema kwa sauti ya upole: "Yule mama naye namwonea huruma. Sijui ana matatizo gani siku hizi, hata mchezo wa wiki hii hajatoa." Basi. Hakumwita mwizi. Hakumwita tapeli. Pengine ni kweli mchezo, yaani fedha ya upatu, hakutoa, mtoto alikuwa amelazwa. Mwenye stoo hataenda kumuuliza mhusika chochote. Akija atamwambia mzigo umekwisha, ajaribu wiki ijayo. Wiki ijayo atamwambia vivyo hivyo, huku magunia yakionekana nyuma yake. Yule mama atazunguka stoo nyingine, na huko nako maneno yamemtangulia. Anarudi nyumbani mikono mitupu, hajui kosa lake, na hakuna mahali anapoweza kwenda kujibu, maana hakuna aliyemshtaki.

Nawafahamu wachuuzi waliohama mwalo kwa sababu ya sentensi kama hiyo. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema kuwa haya ni maneno tu. Kwa anayeishi kwa mali kauli, kumharibia jina ni kumnyang'anya mtaji, na anayefanya hivyo hawezi kujificha nyuma ya "namwonea huruma". Tena hiyo sauti ya huruma ndiyo ya kuiogopa kuliko ya hasira. Anayesema kwa hasira husikika kuwa ana lake jambo. Anayesema kwa huruma huaminiwa.

Ni kweli wanawake ndio wasengenyaji wakubwa?

Si kweli, na nasikitika kwamba swali hili bado linaulizwa. Kaa kwenye kijiwe cha kahawa kuanzia alasiri. Kaa na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hupumzika na wavuvi hubaki kambini wakishona nyavu. Ukitaka kujua tajiri gani hana fedha, mke wa nani kaonekana wapi na nahodha gani mwoga, nenda wakati huo. Hakuna mwanamke hata mmoja kwenye mazungumzo hayo. Tofauti ni kwamba wanaume wakikaa hivyo tunasema "wanajadili", na wanawake wakikaa hivyo tunasema "wanasengenya".

Kikundi chetu cha kukopeshana kikimjadili mwanachama asiyelipa, tunamsengenya?

Inategemea mmemjadili wapi na kwa lengo gani. Kikao halali chenye ajenda, katibu anaandika, na mhusika ameitwa au ataarifiwa yaliyoamuliwa, hicho ni kikao. Mkitoka pale mkaanza tena njiani, wanne mkielekea stendi, na sasa mnaongelea nguo zake na mume wake, hayo ni masengenyo hata kama deni ni la kweli.

Vikundi vingi vya VICOBA, yaani vya kuweka na kukopeshana, ninavyovijua hapa mjini vina faini ya kuchelewa na faini ya kupokea simu kikaoni. Vichache vina faini ya kutoa siri za kikao nje. Ningependa vyote viwe nayo, kwa sababu mwanachama anayejua kuwa shida yake itatangazwa mtaani hatasema ukweli anapoomba mkopo. Atadanganya, na kikundi kitaingia hasara.

Makundi ya WhatsApp ya vikundi nayo yana hatari yake. Mtu anafungua kundi la pili la siri bila yule anayesemwa, na kesho yake picha ya mazungumzo iko kwenye simu ya mhusika. Neno la mdomo unaweza kulikana. Hilo lenye jina lako na saa uliyoliandika huwezi.

Na utani je? Msukuma akimsema mtani wake?

Utani husemwa mbele ya mtani, na mtani ana haki ya kurudisha. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, una historia ndefu inayorudi kwenye misafara ya biashara iliyokwenda pwani, na mpaka leo mtani anaweza kukusema msibani, mbele ya jeneza, na hukasiriki. Hayo yote hayana siri. Mtu akikusema bila wewe kuwepo kisha, baada ya kushikwa, akasema "nilikuwa namtania", usimkubalie. Mwambie arudie mbele yako.

Masengenyo yanaweza kuua?

Huku kwetu yameua. Katika Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho ya bibi aliyepika maisha yake yote kwenye jiko la kuni, na kwa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipokuwa adimu, huwa mekundu kwa moshi. Kila aliyeinama kupuliza moto huo analijua hilo.

Hakuna mauaji ya namna hiyo yaliyoanza na panga. Huanza kisimani au kilabuni. Mtoto wa jirani ameugua, mtu anauliza tu, "Na yule bibi alipita hapa juzi?" Mwingine anakumbuka kuwa ng'ombe wake alikufa mwaka ule. Wa tatu hasemi kitu, anatikisa kichwa. Mara nyingine nyuma ya maneno yote hayo kuna shamba ambalo bibi mjane anakalia na ndugu wanalitaka. Yeye hajui lolote. Anaendelea kuwasalimia watu hao hao, nao wanaitikia.

Kwa hiyo ukisikia mazungumzo yanaelekea huko, usikae kimya kwa adabu. Sema waziwazi kwamba huyo ni bibi wa watu na macho yake ni ya moshi. Kisha mfikishie taarifa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na polisi, kabla jambo halijakomaa. Niliwahi kuulizwa kama kufanya hivyo si kuwachongea majirani. Hata kidogo. Unamlinda mtu asiyejua kuwa anazungumziwa.

Kusuta ni nini? Nimsute aliyenisengenya?

Kusuta ni kumkabili msengenyaji na maneno yake mwenyewe mbele ya watu, ukiwa na ushahidi, mpaka aone aibu. Pwani kuna desturi ya kwenda kumsuta mtu kwa kundi, akina mama wamevaa kanga sare, wanaimba, wengine na matarumbeta kabisa. Na kanga zenyewe husuta bila mdomo: "Mtasema mchana, usiku mtalala." Desturi hiyo imefika bara pamoja na watu waliohamia huku.

Ushauri wangu ni kwamba usute ukiwa na hakika, na ukiwa tayari kupoteza uhusiano huo. Anayesutwa hadharani hasahau. Ukiwa bado unamhitaji mtu huyo, kwa mfano ni wifi yako au mnapanga meza moja sokoni, mwite pembeni: "Dada, nimesikia hivi na hivi kwamba umesema. Nimekuja nikuulize mwenyewe." Mara nyingi hilo linatosha, na wengi hutubu palepale kwa sababu hawakutegemea kuulizwa.

Nikiambiwa "fulani kakusengenya", nifanye nini?

Mwangalie kwanza aliyekuletea. Alikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Alisema nini yeye? Muulize hivyo hivyo, kwa upole: "Na wewe uliwajibu nini?" Akianza kuzungukazunguka, basi huenda nusu ya maneno hayo ni yake. Watu wa zamani hawakumpokea kwa furaha mleta maneno, na walikuwa na sababu: leo anakuletea ya wenzako, na ya kwako ameshayapeleka.

Kisha jiulize kama jambo hilo linaharibu kitu. Kama limegusa kazi, ndoa, mkopo au usalama wako, lifuatilie mpaka kwa msemaji. Kama ni kwamba wamesema umenenepa, liache lipite.

Wakianza kumsengenya mtu mbele yangu, nitokeje bila ugomvi?

Hili linahitaji maneno yaliyo tayari mdomoni, kwa sababu likitokea huna muda wa kufikiri. Wapo wanaosema, "Tumwache mwenzetu, hayupo hapa." Wengine humtetea kwa kumtaja kwa wema: "Mimi nilipofiwa alikuwa wa kwanza kufika." Hii ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu haimlaumu aliyesema na bado inamkata kauli. Ukiwa mdogo mbele ya wakubwa huwezi kuwakataza, lakini unaweza kuomba ruhusa: "Mama, nisamehe, naenda kuangalia jiko." Nao wataelewa. Kuna pia mzee mmoja wa Igogo ninayemheshimu sana, ambaye huuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumpigie simu aje atueleze?" na kutoa simu mfukoni. Sijaona mazungumzo yakiendelea baada ya hapo.

Dini zinasemaje?

Zinakataza zote mbili zilizo kubwa huku kwetu, tena kwa ukali. Kurani, Suratul Hujurat aya ya 12, inafananisha kumsengenya mtu na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 1, unawataja "wenye kusengenya, wenye kusingizia" katika orodha moja na uuaji. Naona waumini wengi wanalichukulia hili kuwa kosa dogo kuliko vitabu vyao vinavyolichukulia, na nimesikia masengenyo mazito yakianza na maneno "tumwombee ndugu yetu fulani".

Sheria inaweza kunisaidia?

Kwa maneno ya kibarazani, anza na usuluhishi: wazee wa familia, mwenyekiti wa mtaa, baraza la kata. Yakiwa mazito na yamekuharibia jina, unaweza kufungua madai ya kashfa mahakamani. Utatakiwa kuonyesha kwamba maneno hayo yalimfikia mtu mwingine zaidi yako. Zingatia kuwa katika madai ya kashfa ukweli ni utetezi. Aliyesema kweli huenda akashinda kesi, ingawa kwa mila na kwa dini bado amekusengenya.

Mtandaoni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinahusu kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu, kutisha au kupotosha, na cha 23 kinahusu kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Adhabu zake si ndogo. Hifadhi ushahidi kabla haujafutwa, na muone mwanasheria kabla ya kujibu chochote kwa hasira.

Ni "kusengenya" au "kuseng'enya"?

Kamusi sanifu zinaandika *sengenya*, na "ng" yake hutamkwa kama ya *ngoma*, siyo ya *ng'ombe*. Anayesengenya ni *msengenyaji*, anayefanyiwa *husengenywa*, wakifanyiana *husengenyana*, na yanayosemwa ni *masengenyo*. Kwenye insha usiandike "alisengenya kuhusu jirani". Kitenzi hiki hubeba mtendwa wake moja kwa moja: *alimsengenya jirani*.

Nimemsengenya mtu na ninajuta. Nimwombe radhi hata kama hajui?

Hapa hata viongozi wa dini hawajibu namna moja, na nadhani ni sawa wasijibu namna moja. Kama hajui na kumwambia kutamuumiza upya, wengi hushauri utubu, umwombee, na umtaje kwa wema kwa watu wale wale uliomsengenya kwao. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu na ndiyo yenye maana. Ulimharibia kwa mwenye stoo? Rudi kwa mwenye stoo, useme, "Yule mama nilimsema vibaya, ni mwaminifu, mpe mzigo." Kumwomba radhi yeye huku mwenye stoo akiendelea kumnyima kunakufariji wewe tu.

Kama tayari anajua, nenda. Usitume ujumbe wa simu.

Kuna wakati kusema ubaya wa mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa?

Upo, na si kuruhusiwa tu, ni lazima. Ukiulizwa na mtu anayetaka kumkopesha, kumwajiri au kumchumbia mtu unayemfahamu, mwambie unachokijua kwa hakika, kwa kiasi anachohitaji, na uishie hapo. Ukiona mweka hazina anachota fedha za kikundi, sema kikaoni. Ukijua mvuvi amejaza mafuta mabovu na mtumbwi unataka kuondoka na abiria, paza sauti.

Na ukijua mtoto anapigwa au kuchezewa ndani ya nyumba, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mmbea. Nimesikia majirani wakisema baadaye, "Tulijua, lakini tuliona ni mambo ya watu." Walikuwa wameyazungumza kwa minong'ono miezi mingi, kila mtu kwa mwenzake, isipokuwa kwa anayeweza kumsaidia mtoto. Nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo.